Kware Katika Nyumba za Sungura

Juma lililopita nilimpigia kelele mtu nisiyemjua. Nilikuwa nimesimama kandokando ya barabara inayotoka Butembo kwenda Beni, nasubiri malori yapite nivuke, mara akatokea kijana wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, akisukuma mzigo mrefu kama nyumba ya ghorofa. Nilipotazama vizuri nikaona ni vizimba vya sungura, vikuukuu, vya mbao, sakafu ya mianzi iliyopasuliwa, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwa kamba za mpira. Nyuma yake alitembea mama mmoja amebeba katoni ya biskuti iliyotobolewa matundu, na ndani ya katoni ile nikasikia sauti niliyoitambua kabla sijaitafuta. Pii, pii, pii. Watoto wa kware. Huku kwetu wengi wanawaita kayi tu, kama Wafaransa.

"Mama," nikamwita, "utie ubao chini. Batoto ba kayi batapita kwa mianzi."

Akanitazama kama unavyomtazama mlevi wa asubuhi. "Aksanti, dada," akasema, "najua kufuga." Na akaendelea na safari yake, nami nikabaki pale masikio yakiniwaka moto, ungeweza kuchoma hindi juu yake.

Najua kufuga. Rafiki yangu, maneno hayo niliwahi kuyasikia, na aliyeyasema alikuwa mtu niliyempenda kuliko wote. Kaa hapo nikueleze. Mimi nilimaliza shule kwa masomo ya jioni, nikiwa na watoto watatu na meza ya vitenge sokoni, na mwalimu wetu wa jioni alikuwa akisema kwamba mtu akiandika asitie chumvi. Nitajaribu. Lakini ujue mimi ni mtu wa Butembo, na huku hata bei ya nyanya haisemwi bila chumvi.

Lazima nianze na jiko, maana mambo yote yalitokea humo. Mama wa mama yangu, ambaye kwa kinywa cha kwetu tunamwita mukaka, alikuwa na nyumba ya mabati kwenye mteremko, na nyuma yake jiko la udongo lisilo na dirisha. Moshi wa jiko lile ulikuwa mzito hata ungeweza kuukata kwa panga, ukaufunga kwa majani ya migomba na kuupeleka sokoni. Ulinuka kuni za mkaratusi, maharagi yaliyokaribia kuungua, na viazi vya Lubero ambavyo mukaka alituchomea ndani ya majivu tulipotoka shule tumelowa. Katikati kulikuwa na mafiga matatu, na moto wa mukaka haukuwahi kuzimika. Hapo sitii chumvi. Nilizaliwa nikaukuta, nikapelekwa kubatizwa, nikarudi, nikaukuta. Jioni aliufunika kwa majivu kama unavyomfunika mtoto, asubuhi akaufunua, akaupuliza mara moja, ukaamka.

Nyuma ya lundo la kuni waliishi simbiliki. Kama hujawahi kukaa kwenye milima yetu, ni wanyama wadogo wasio na mkia, wanene kama mkate, na kwetu hawafungwi popote. Wanakaa jikoni kama wapangaji wa zamani, wanakula majani ya viazi vitamu na maganda ya ndizi, na kutwa nzima wanapiga mluzi: wii, wii, wii. Jiko lisilo na mluzi ule lilikuwa jiko la watu wenye shida. Mtoto alifundishwa kuburuta miguu akiingia mle gizani asiwakanyage. Mpaka leo naburuta miguu nikiingia jikoni, na mume wangu anafikiri nina magoti mabaya.

Kisha kulikuwa na jirani, mama mmoja. Alikuwa amekuja kutoka upande wa Mbau na watoto wake, kama wengi walivyokuja miaka ile wakikimbia vita, godoro kichwani, akapanga chumba kimoja katika parsele, yaani kiwanja, iliyopakana na yetu. Alikuwa mwembamba, msemaji wa chini chini, na kila kitu alikirekebisha mwenyewe. Kwa kuwa hakuwa na jiko la kulaza moto, kila asubuhi alikuja kwetu kuomba. Ndivyo ilivyokuwa desturi: unabisha, unaingia umeshika kigae cha chungu kilichovunjika, mwenye moto anakuchagulia makaa mawili mazuri, unatoka mbio ukiyapuliza. Lakini jirani na mukaka walikuwa hawamalizi kuamkiana. Makaa yalilala kwenye kigae, wao wakisimulia habari za mashamba ya Mbau, za kakao iliyoachwa juu ya miti, za mchungaji fulani na sauti yake, na mara nyingi makaa yalizimika pale pale mkononi, mukaka akalazimika kuchagua mengine. Jirani alikuwa Mprotestanti, sisi Wakatoliki wa kupiga magoti mpaka yanatoa sugu, na kila asubuhi walichokozana kuhusu jambo hilo.

"Leo utaniazima moto wa Kikatoliki tena?" jirani aliuliza.

"Chukua," mukaka alijibu, "labda utakuongoa."

Jirani alikuwa anafuga sungura. Alijenga vizimba vyake mwenyewe kwa mbao za makasha, akaviwekea miguu, akapasua mianzi akaipanga sakafuni na nafasi kati yake ili kinyesi kianguke chini. Bawaba zilikuwa vipande vya kandambili. Komeo lilikuwa kijiko: alikipinda shingo kwa namna ambayo lazima ukiinue, ukizungushe, halafu ukisukume ndani. Sisi watoto tulijaribu kukifungua mpaka vidole vikavimba, hatukuweza. Halafu ugonjwa wa matumbo ukapita katika mtaa, na sungura wake wakafa wote. Vizimba vikabaki vitupu chini ya mabati yake, vinanuka mkojo wa sungura hata mbu waliviogopa.

Wakati ule ule ndipo muyomba, yaani kaka wa mama, aliyekuwa anafanya biashara ya mpaka wa Kasindi, alitokea na katoni ya watoto wa kware. Homa ya kware ilikuwa imeushika mji mzima. Watu walisema mayai yake yanaponya presha, sukari, macho, mgongo, na ndoa zilizolegea. Muyomba alimwambia mama yake kwamba baada ya miezi michache atakuwa anatandika mayai kitandani badala ya godoro. Mukaka akafungua katoni, na sote tukainama juu yake. Walikuwa wadogo kama nyuki wa kuchora, wa kahawia wenye mistari, wanakimbia wote pamoja kama mtu amemwaga maharagi kwenye ngazi. Kuwahesabu haikuwezekana. Ukisema tisa, wa kwanza ameshapita mara tatu.

Walihitaji nyumba, na nyumba zilikuwa hapo kwa jirani. Mukaka akampa mfuko wa maharagi na kitenge kilichokuwa hakijafunguliwa, jirani akampa vizimba, na siku ileile akavibeba yeye mwenyewe mpaka jikoni kwetu akaviweka juu ya mawe karibu na moto, kwa sababu baridi ya Butembo inaweza kuua hata kichuguu. Akatuonyesha jinsi kijiko kinavyofunguka. Halafu akainama, akapitisha kidole chake katikati ya mianzi ya sakafu.

"Mama," akasema, "hizi ni nyumba za sungura. Mutie ubao chini. Hawa batoto ni badogo sana."

Mukaka alikuwa ameshaanza kutandika gunia. "Nilifuga kuku wewe ukiwa kwenye tumbo," akamjibu, akicheka. "Najua kufuga."

Jirani naye akacheka, akachukua makaa yake, akaenda.

Siku zile za kwanza zilikuwa na furaha ambayo siwezi kuipunguza. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusaga mahindi na dagaa kwa jiwe mpaka viwe unga laini, na kuchuma majani ya lenga-lenga niyakatekate madogo kama tumbaku. Nilijaza maji kwenye kifuniko cha chupa, na kokoto ndani yake wasizame. Mukaka alikaa kwenye kigoda chake akichambua maharagi, moto ukimwangaza upande mmoja, akaongea na kware kama anavyoongea na wanakwaya waliochelewa. Akawaita majina ya watakatifu. Alipokosa watakatifu akaingia kwa wachuuzi wa soko. Jiko lote likawa sauti: kware pii, simbiliki wii, sufuria ya sombe, kisamvu chetu, ikichemka, mvua juu ya nyasi za paa. Nilidhani ndivyo mbinguni kulivyo, ila kwa moshi kidogo zaidi.

Kisha wakaanza kupungua.

Hatukujua kwa kuwahesabu, nimeshakwambia haikuwezekana. Tulijua kwa nafasi. Mwanzoni walifunika sakafu yote ya kizimba kama mkeka. Asubuhi moja mkeka ukawa na tundu. Asubuhi nyingine wakawa nusu, wamejibana upande wa moto. Mukaka alitazama komeo: kijiko kimefungwa, kimezungushwa, kimesukumwa ndani kama kilivyoachwa. Hakuna damu, hakuna unyoya. Panya angeacha uchafu. Paka angeacha fujo. Muyomba akachunguza kuta kwa tochi, hakuona tundu la kupitisha hata wazo. Gunia lilikuwa limetandazwa vizuri, na hakuna aliyeinua pembe ya nyuma, ile iliyobanana na lundo la kuni, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kuinua.

Walipobaki wachache wa kuonea huruma, mukaka alikaa mbele ya kizimba akakiangalia kile kijiko muda mrefu. Nilimwona wazo likimwingia. Lilimwingia taratibu, kama maji yanavyopanda ndani ya kiatu.

"Hii inafunguliwa na mutu anaijua," akasema.

Mama yangu, aliyekuwa anapiga fufu, ugali wetu wa muhogo, aliacha mwiko ukasimama wenyewe ndani ya sufuria. Watu wanaokijua kijiko kile tulikuwa sisi wa nyumbani, na mmoja mwingine, ambaye kila asubuhi alikuwa anaingia mle jikoni na kigae mkononi.

Kwetu mtu mwenye adabu hamwiti mwenzake mwizi. Anaongea pembeni. Mukaka alipokwenda kwenye robine kuchota maji, mahali ambapo wanawake wa mtaa mzima walipanga bidoni zao, alisema tu kwamba siku hizi mtu anaweza kukuuzia nyumba na kubaki na ufunguo. Alisema kwa sauti ya utani. Mimi nilikuwa nimeshika bidoni ndogo karibu naye, na niliona vichwa vikigeuka, si kumwangalia yeye, bali kuangalia parsele ya pili, kule ambako mwembamba yule wa Mbau alikuwa anaanika nguo za watoto. Hakuna jina lililotajwa. Halikuhitajika. Nilitazama miguu yangu, nikatamani ardhi ya Butembo, ambayo kila msimu wa mvua inafungua korongo na kumeza nyumba za watu, inifungulie kakorongo kadogo tu, ka kunitosha.

Nilikuwa na umri wa kujua aibu bila kujua iko ya nani. Nilimwamini mukaka, nilimwamini kuliko katekisimu. Lakini pia nilicheza na watoto wa jirani, nilikula kwao, na sikuwahi kuona mfupa wa kware mdogo kama sindano kwenye sahani yao. Sahani zao zilikuwa na fufu na chumvi.

Habari ilipanda mteremko kabla ya maji yetu. Kufika mchana mwenye parsele alikuwa ameshamwambia jirani kwamba yeye hakatai wageni, asimwelewe vibaya, lakini hataki maneno katika uwanja wake, na kama maneno hayataisha hadi Jumapili basi atafute mahali pengine. Mahali gani? Kila chumba cha mtaa kilikuwa kimejaa watu waliotoka Mbau, Eringeti na pengine, wamelala wamepangwa kama samaki wa kopo. Mtu aliyefukuzwa kwa jina la wizi angebisha wapi?

Asubuhi iliyofuata jirani hakuja kuomba moto. Mukaka alifunua makaa, akayapuliza, akasubiri, akajifanya anapanga kuni. Hakuja kesho yake wala kesho kutwa. Tuliona moshi wa kwake ukichelewa, mwembamba, wa majani mabichi. Mukaka akasema, "Mumeona? Mwenye haki angekuja kusema." Lakini alisema akitazama mlango, na chai yake ikapoa.

Jirani alijitetea kwa namna moja tu. Alikwenda kwa mkubwa wa shirika letu, mzee aliyesimamia sala za nyumba za jirani na kupatanisha waliogombana, ingawa jirani mwenyewe si wa kanisa letu, akaomba wakae pamoja naye na mukaka kabla ya Jumapili kuisha. Mzee akakubali. Baada ya misa walikuja: mzee na koti lake la misa, mwenye parsele, wamama wawili wa shirika, muyomba. Mvua ikaanza palepale, ile ya Butembo inayonyesha kama mtu anamwaga mchanga juu ya mabati, na kwa kuwa sebuleni kwetu kulikuwa kunavuja, mukaka akawaingiza wote jikoni. Walikaa kwenye vigoda na madebe kuzunguka moto, magoti yamekaribia mafiga, wanakohoa moshi kwa heshima.

Jirani alifika mwisho, amelowa, na kigae chake chini ya kitenge. Alisimama karibu na mlango. Mzee alisali kwa ufupi, akamwambia mukaka aseme. Mukaka aliongea vizuri, mno, kama mtu aliyekuwa amejirudia moyoni: habari ya kijiko, habari ya mlango usio na tundu, habari ya watoto wa kware waliokwenda bila kuacha unyoya. Hakumtaja mtu. Kisha mzee akamgeukia jirani, akamwita mama kwa upole, akamwambia ni zamu yake.

Jirani alipangusa maji ya mvua usoni. "Sina mingi, papa," akasema. "Mama huyu alinipa moto tangu nilipofika. Mutu hawezi kuiba kwa nyumba yenye kumupa moto. Ni hiyo tu. Sasa muniruhusu nichukue makaa, mvua imezima yangu, na batoto bado hawayakula."

Akapita katikati ya magoti yao, akachuchumaa mbele ya mafiga, akaweka kigae chini. Kaa zuri lilikuwa nyuma, upande wa lundo la kuni. Alivuta kipande kimoja cha mkaratusi ili alifikie, na lundo likateleza.

Simbiliki wakatoka wote kwa mara moja, wanapiga mluzi kama polisi wa roropwe, pale barabara zinapozunguka, wakapita juu ya viatu vya mzee. Na katikati yao, pembeni yao, chini ya matumbo yao, walitoka kware. Si wale nyuki tuliowajua. Walikuwa wamenenepa, wameota manyoya ya mabawa, vifua vya madoa, wanakimbia na simbiliki kana kwamba wamezaliwa nao. Walikuwa wameteremka mmoja mmoja kwenye ile pembe ya nyuma ambapo gunia lilikuwa limejikunja, wakapita katikati ya mianzi ya sakafu, wakaanguka kama pamba juu ya migongo yenye joto, wakaona hakuna sababu ya kurudi. Walikula maganda yetu. Walikunywa maji ya bidoni iliyovuja. Kutwa walituita, pii, pii, na sisi tulisikia sauti za jikoni tu, zile zile tulizozizoea.

Kwa kawaida jambo kama lile mtaani kwetu lingechekwa mpaka watu wapelekwe hospitali. Hakuna aliyecheka. Kware mmoja alipanda juu ya mguu wa mwenye parsele akakaa hapo kujipanga manyoya, na yeye hakuusogeza. Mzee aliinua pembe ya gunia kwa fimbo yake. Kidole kizima kingepita pale. Mimi nilimtazama mukaka. Mwanamke yule aliyeweza kumnyamazisha mchuuzi yeyote wa soko alikuwa ameshika mikono yake miwili mapajani, na uso wake ulikuwa umekuwa mdogo, mdogo hata nikaona jinsi alivyokuwa akiwa mtoto.

"Binti yangu," akasema.

Jirani alikuwa ameshaweka makaa mawili kwenye kigae. Aliwaangalia kware wale, si kwa hasira. Nadhani alifurahi kuwaona wazima, alikuwa mfugaji. Kisha akainua kigae, akayarudisha makaa katika moto, moja, na la pili. Akakiweka kigae kitupu juu ya jiwe la figa.

"Basi, mama," akasema. "Nitanunua kiberiti."

Akatoka kwenye mvua.

Usifikiri mukaka hakuomba msamaha. Aliomba kama watu wakubwa wanavyoomba, kwa mabega. Kesho yake alijitwika kizimba kimoja kichwani, na ndani yake kware wote, wale wa kizimba na wale wa kuni, na ubao mpya umepigiliwa chini. Hakupita njia ya nyuma ambayo ni hatua chache. Alizunguka kwa barabara, akapita robine mchana kweupe wakati bidoni zimepangwa mpaka chini, akasimama, akasema kwa kinywa wazi kwamba yule mama hakuchukua kitu, na kwamba aliyesema ni yeye na aliyekosa ni yeye. Nilikuwa nyuma yake nimebeba vizimba vingine pamoja na muyomba. Nakuapia, siku ile ya utani wake kila mtu alisikia, hata aliyekuwa Beni. Siku hii ya pili wanawake waliinama kutazama vifuniko vya bidoni zao. Walisema, "Ndiyo, mama. Ndiyo." Maneno yale hayakupanda mteremko hata kidogo. Tuliyaacha pale pale kwenye matope.

Jirani alipokea kwa mikono miwili. Akapiga goti kidogo, kama inavyompasa mdogo mbele ya mkubwa. Akasema yameisha. Mwenye parsele alimwambia akae tu, na yeye akakaa. Kware walitaga kwake vizuri. Watoto wake walituletea mayai yamefungwa kwenye jani, kila mara wakisema mama anawasalimia. Hakutunyima salamu hata siku moja. Kule shuleni watoto walitengeneza wimbo wa kayi na simbiliki wakaniimbia mpaka nikauota, na nikaona ni haki yangu, nikavumilia. Kitu ambacho sikuweza kukivumilia kilikuwa ile sauti ya asubuhi kutoka upande wa pili wa ua: kra, na kimya, na kra tena, njiti ya kiberiti ikikataa unyevu. Alikuwa na moto wa bure hatua chache kutoka kwake, na alisugua njiti.

Kigae chake kilibaki kwetu. Mukaka hakuruhusu mtu akisogeze. Kila asubuhi alifunua moto, akachagua makaa mawili, yale ya mkaratusi yasiyotoa moshi, akayaweka kwenye kigae na kukisogeza karibu na mlango. Halafu alirudi kwenye kigoda kuchambua maharagi. Sisi tulikunywa uji wetu karibu naye, tukitazama mahali pengine. Makaa yalikuwa mekundu, yakawa na ngozi nyeupe, yakawa majivu, na yeye akayamwaga, na kesho akachagua mengine. Maharagi ya msimu ule yalipovunwa, jirani alifunga mizigo yake, akasema barabara ya kwao imetulia kidogo, anakwenda Beni kwanza, halafu Mungu ataona. Alituachia vizimba. Hatukumsikia tena. Kila mara niendapo Beni kwa biashara ya vitenge nawatazama wanawake wembamba sokoni, hasa wenye kuuza mayai, na nikidhani nimemwona, namshukuru Mungu na namwogopa, vyote pamoja, kisha inakuwa si yeye.

Mukaka amelala kwenye makaburi ya kilimani, na mahali pa jiko lake muyomba amejenga duka la simu, lenye sakafu ya saruji na taa za rangi. Hakuna mafiga, hakuna mluzi. Simbiliki ukiwaleta pale watateleza. Watoto wangu hawaburuti miguu. Na katika mtaa mzima sijaona tena mtu akitembea asubuhi na makaa kwenye kigae, akiyapuliza na kusalimu wakati huohuo, kwa sababu kila mtu ana moto wake mfukoni, na anayekosa anavuka barabara kununua. Wanasema ni maendeleo, na mimi niliyesoma kwa taa ya betri sina haki ya kubisha. Nanunua viberiti kama wengine. Vipo dirishani kwangu, karibu na chumvi. Ila kila asubuhi nikivuta njiti, kabla haijashika moto, masikio yangu yanakuwa yameshawaka.